Shubiri Sita za Kumkalisha Zena

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, tusianze na uongo. Mwaka 2021 ndio soko la Kariakoo lilipoungua, na siku Mzee Khalfani alipong'oa siti ya gari lake na kuiweka kando ya Mtaa wa Mchikichi, soko lilikuwa limekwisha kuzungushiwa mabati na watu wamekwisha kuzoea kulizunguka kama wanavyozunguka dimbwi. Basi ni 2022, masika inaelekea mwisho, Idi imepita kama wiki mbili hivi. Mwezi hauna shaka. Mwaka ndio unaoteleza.

Gari lenyewe ni Datsun, pikapu ya mwaka 1974. Rangi yake ya kwanza anaikumbuka Khalfani peke yake. Wengine wote wanaona rangi ya chai ya maziwa iliyosahauliwa mezani. Nyuma hubeba magunia kumi bila kunung'unika. Mbele ndiko kwenye mtihani. Kebini yake ni ndogo, kiasi kwamba mtu akitaka kukohoa lazima kwanza afungue dirisha. Siti ilikuwa moja, ndefu, ya watu wawili, au watatu kama wote wametoka kuugua.

Kwa miaka thelathini na zaidi Khalfani alibeba kwa gari hilo mizigo ya wenye maduka: marobota ya kanga, ndoo, mabeseni, magodoro. Kisha zikaja toyo na bajaji. Toyo ikipakia, inapita penye uchochoro. Datsun inasubiri barabara. Wenye maduka wakaanza kumsalimia kwa heshima zaidi, na mtu akianza kusalimiwa hivyo na wenye maduka ajue kazi imekwisha. Khalfani hakuwachukia wenye maduka. Alivichukia vyombo vya magurudumu matatu. Aliviita mbu. "Mdudu gani ana miguu mitatu?" alikuwa akiuliza pale kwenye kahawa. "Hata Mungu hakuumba."

Kazi iliyobakia kwa Datsun ilikuwa moja tu, nayo haikuwa na malipo. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri Khalfani na mkewe Zena walikwenda Feri kununua samaki. Zena ndiye mchaguzi. Khalfani akiachiwa peke yake huleta changu wenye macho ya mtu aliyekesha msibani. Wakimaliza samaki, waliegesha pale penye upepo, wakanunua mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, wakaila ndani ya gari, karatasi ikiwa katikati yao. Hawakuzungumza mengi. Watu waliooana miaka arubaini hawana habari mpya. Lakini kwa Khalfani ile ndiyo ilikuwa wiki nzima. Siku sita nyingine zilikuwa za kuisubiri.

Mpaka ikaja Jumamosi ya dera.

Siti ilikuwa imeoza kwa ndani, na springi moja upande wa abiria ilikuwa imetoboa kitambaa ikatoa kichwa nje. Siku hiyo, mbele ya soko la samaki, Zena akishuka, springi ikamshika dera. Zena akashuka, dera likakataa. Lilipasuka kuanzia nyongani mpaka lilipotaka lenyewe. Bahati alikuwa na kanga zake mbili. Hata wachuuzi wa Feri, watu wasioona haya kwa jambo lolote, waligeuka wakatazama bahari.

Zena akajifunga kanga vizuri, akamtazama mumewe, akasema, "Baba Badria, humu siingii tena mpaka uweke kiti cha binadamu." Akasimamisha bajaji, akaondoka. Na samaki aliondoka nao.

Khalfani alidhani ni hasira ya siku mbili. Akaweka gunia juu ya springi. Zena akaja, akalitazama gunia, akaita bajaji. Akaweka kipande cha godoro. Zena akakibonyeza kwa kidole kimoja kama anayepima papai, akaita bajaji. Na haikuwa bajaji yoyote. Ilikuwa ya Heriel, kijana wa Kipare mwenye adabu nyingi, aliyeegesha pale kwenye kona ya mtaa, nyuma ya chombo chake kumeandikwa USINIONE HIVI. Mwaka karibu mzima ukapita. Zena sokoni, Zena kwa dadake Magomeni, Zena kwenye hitima, Zena kwenye kumtunza mwari: kote ni Heriel. Samaki wa Jumamosi wakawa wanaletwa nyumbani wazuri, macho maangavu, na Khalfani akawa anawala kimya.

Yote hayo aliyavumilia. Kilichomshinda ni neno la muuza kahawa. "Mzee Khalfani," alimwambia huku akimmiminia, "Jumamosi nilimwona shemeji kule Feri. Anakula mihogo. Kwa raha zake, kwenye bajaji."

Khalfani akauliza, "Na pilipili?"

"Na pilipili."

Asubuhi yake akachukua spana akaing'oa siti.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Ramniklal, mwenye duka la spea karibu na Mtaa wa Lindi. Baba yake Ramniklal ndiye aliyemuuzia Khalfani spea za kwanza za Datsun hiyo, na wao wawili wamezeeka pamoja, mmoja nyuma ya kaunta na mwingine mbele yake. Ramniklal alisikiliza, akavuta kutoka chini ya kaunta kitabu kikubwa chenye picha za kila kipande cha gari lile, akafungua ukurasa wa siti. Ilikuwa picha nzuri. Wakaitazama wote wawili kwa muda, kama watu wanaotazama picha ya marehemu.

"Ipo?" akauliza Khalfani.

"Kitabuni ipo."

"Na nje ya kitabu?"

"Khalfani bwana, siti hii ukiipata mahali popote, nipigie simu nije niione kabla watu wa makumbusho hawajaichukua." Akafunga kitabu. "Kwani ile ya zamani iko wapi?"

"Niliiweka nje jana."

"Umeiweka nje! Ungeiacha, fundi angeishona upya ileile, fremu yake ilikuwa ya kiwandani. Iko wapi sasa?"

Ilikuwa imekwenda. Kariakoo kitu kikiwekwa nje kikalala, asubuhi kina mwenyewe mwingine. Baadaye Khalfani aliiona. Ilikuwa mbele ya kinyozi mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, imefunikwa zulia, wateja wamekaa juu yake wakisubiri zamu. Alisimama akawahesabu: watatu, na wote wanene. Akamuuliza kinyozi kama ataiuza. Kinyozi akamwambia, "Mzee, hii siuzi. Ni baraka ya duka. Tangu niiokote nina wateja."

Basi akashuka Gerezani, kwa Severa.

Severa ni fundi siti. Ni mwanamke wa Kilema, kule Kilimanjaro, aliyekuja Dar kushona sare za shule akaishia kushona siti za magari, kwa sababu, asemavyo mwenyewe, watoto wanakua halafu wazazi wanakulaumu, siti hazikui. Kibanda chake ni mabati manne na cherehani moja nzito, na shingoni daima ana futi kamba kama daktari alivyo na vipimo vyake.

"Unataka siti ya upana gani, mzee wangu?"

"Shubiri sita," akasema Khalfani, akaukunjua mkono wake hewani, kutoka kidole gumba mpaka cha mwisho, kuonyesha.

"Shubiri za nani?"

"Zangu."

"Basi uache huo mkono hapa uende, nikiupata mzigo nitaupima nao." Mafundi wa vibanda vya jirani wakacheka. "Mzee, chukua futi kamba."

Khalfani akakataa. Alikuwa amepima maisha yake yote kwa shubiri: mizigo, milango, majeneza, na hata siku alipochumbia alipimiwa kitambaa cha kanzu kwa mkono. Futi kamba inavutika. Mkono hauvutiki. Ndivyo alivyosema, na Severa akamwachia.

Jaribio la kwanza lilikuwa siti mbili za mbele za Corolla iliyokatwakatwa pale Gerezani. Upana zilikuwa sawa. Khalfani alipanda, akakaa, na kofia yake ikabonyea kwa juu. Paa lilikuwa linamshika kichwa kama mkono wa mwalimu. Ili aone barabara ilimbidi ainamishe shingo, akawa anaendesha kama mtu anayeomba radhi kwa kila anayepita. Alifika mpaka Msimbazi. Trafiki alimsimamisha, akamtazama, akamwambia, "Mzee, unaumwa?" Akamwacha aende bila kumuuliza leseni. Khalfani akazirudisha.

Jaribio la pili lilipitia kwa winga. Winga wa Kariakoo ni mtu asiye na duka, asiye na bidhaa, mwenye uhakika tu. Ukitaja kitu mbele yake, anacho. Anaingia uchochoroni, anakitoa kwenye duka la mwingine, anakuletea kwa bei yake. Huyu alikuwa mrefu, mikono imening'inia.

"Siti ya shubiri sita? Mzee, iko. Wewe kaa, kunywa maji. Dakika sifuri."

Alirudi baada ya saa tatu, na wachukuzi wawili wamebeba siti ya nyuma ya Hiace. Ilikuwa nzuri, nyekundu, sponji nene. Wakaijaribu mlango wa kulia, ikakataa. Wakaijaribu wa kushoto, ikaingia, lakini mlango ukagoma kufungika. Siti ilikuwa imetokeza nje kama ulimi.

"Nilikwambia shubiri sita!" Khalfani akamaka.

"Na ni sita, mzee! Nimepima mwenyewe." Winga akaushusha mkono wake juu ya siti: moja, mbili, tatu. Zilikuwa sita kamili. Khalfani akapima na wake. Zikawa saba.

Severa alivuta tu ile futi kamba shingoni mwake, akaizungusha kidoleni, akairudisha. Kisha akamwita Khalfani pembeni, maana alikuwa ameanza kumwonea huruma.

"Mzee wangu, wewe unapima bati. Kiti hakishonewi bati, kinashonewa mkaaji. Anayekaa humo ni nani?"

"Ni... mtu wangu wa nyumbani."

"Mkeo."

"Naam."

"Ana mwili gani?"

Mafundi sita walikuwa wanasikiliza na nyundo zao zimesimama hewani. Mtu wa Mtaa wa Mchikichi, mtoto wa msikitini, asimame Gerezani atangaze mwili wa mama watoto wake? Akasema, "Ana mwili wa heshima," akaondoka.

Lakini neno lilikuwa limemwingia. Kweli, alikuwa amepima gari. Zena hakumpima. Na utampimaje mkeo uliyemwoa miaka arubaini iliyopita, ukamwambia simama nikupime, bila kueleza? Na akieleza, Zena atauliza kwa nini mwaka mzima hakuuliza. Khalfani akaona njia ya ujanja. Pale ukumbini kwao kuna kibao ambacho Zena hukalia akichambua mchele, na mto wake juu. Alasiri moja Zena alipoinuka kwenda uani, Khalfani akapiga magoti haraka, akaanza: shubiri moja, mbili...

"Baba Badria."

Zena alikuwa amesimama mlangoni na ungo.

"Naam."

"Unatafuta nini hapo?"

"Tasbihi. Tasbihi yangu imeanguka."

"Tasbihi iko mkononi mwako."

Khalfani akaitazama. Ilikuwa mkononi kweli. "Alhamdulillahi," akasema, "imeonekana." Akaondoka kuelekea barabarani kwa hatua za mtu mwenye shughuli.

Shughuli hana. Lakini alipofika kwenye kona akaiona ile bajaji, tupu, Heriel amekaa pembeni anakula chipsi mayai. Na hapo ndipo wazo lilipomjia, wazo ambalo lilimuuma kabla hata hajalimaliza. Kama anataka kujua Zena anakaa wapi akastarehe, basi pale ndipo.

"Shikamoo, mzee," Heriel akasimama mara moja, akafuta mikono.

"Marahaba. Heriel, hebu nipishe kidogo nitazame chombo chako."

Heriel alishangaa, maana Mzee Khalfani hakuwahi kukitazama chombo hicho ila kwa kukitemea mate upande. Khalfani akainama, akaingiza mkono, akapima siti ya nyuma, kwa upole, shubiri kwa shubiri, kutoka ukingo hadi ukingo. Sita. Akarudia kutoka upande wa pili, akiomba isiwe. Sita. Akabonyeza. Ilikuwa nene, ngumu kidogo mbele na laini nyuma, na upande wa kushoto palikuwa na bonde dogo, la kistaarabu, lenye umbo analolijua.

"Siti hii ni nzuri," akasema kwa shida.

"Siyo ya kawaida hiyo, mzee. Ile iliyokuja na bajaji Bi Zena aliikataa. Alinipeleka mwenyewe Gerezani kwa mama mmoja anaitwa Severa. Akakaa pale kwenye benchi, akapimwa, akaeleza anavyotaka. Ikashonwa mara tatu mpaka akaridhika. Mimi abiria wengine wananiuliza siti hii nimenunua wapi."

Khalfani akashika nguzo ya bajaji.

"Alipimwa?"

"Kwa futi kamba."

Kesho yake akarudi Gerezani. Severa alikuwa anashona.

"Mama, kumbe mwili wa mke wangu unaujua."

"Mkeo nani?"

"Bi Zena wa Mchikichi."

Severa akasimamisha cherehani. Akacheka mpaka akalalia kitambaa. "Bi Zena! Si ungesema! Mimi ninaye kwenye daftari tangu mwaka jana. Wewe ukaniambia mwili wa heshima. Mzee wangu, Kariakoo yote ina mwili wa heshima."

"Nishonee mfano wake."

"Nitashona mwaka mzima, isiwe kama ile. Ile ameikalia mwenyewe, imemfuata. Kiti kipya ni kipya tu. Nenda ukamwombe Heriel ileile, yeye nitamshonea mpya."

Jambo hili lilimlaza Khalfani chali siku mbili. Kumwomba mwenye mbu! Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na harufu ya mihogo ilimjia hata akiwa msikitini. Akaenda kwenye kona. Heriel alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kichwa.

"Mzee, mimi sina neno. Ila nikikupa, Bi Zena atakaa wapi?"

"Atakaa juu yake."

Heriel akafikiri. Ukiangalia vizuri ilikuwa kweli. Hakutaka hela, alitaka kile kipande cha turubai la Datsun kilichokuwa kimekunjwa uani kwa Khalfani, akakitie pembeni mwa bajaji kwa ajili ya mvua. Wakabadilishana hapohapo. Hivyo siku ile Mtaa wa Mchikichi uliona jambo lisilopata kuonekana: Mzee Khalfani anapita katikati ya barabara, amebeba siti ya bajaji kichwani, na mwenye bajaji nyuma yake amebeba turubai la Datsun, wote wawili hawasemezani, wanaitikia tu salamu.

Gerezani wakaiingiza. Hawakukata, hawakusukuma. Iliingia mlango wa kushoto, ikateleza, ikakaa, kama iliyozaliwa humo. Severa alishona ngozi ya kahawia juu ya kile kitambaa cha zamani, ya kufanana na picha ya kitabuni, na fundi wa kuchomelea akaweka miguu midogo minne. Milango yote miwili ikafungika. Khalfani alikaa, na kofia haikugusa paa. Siku zote hizo alikuwa ametafuta kiti cha Datsun duniani kote, yaani kutoka Mtaa wa Lindi mpaka Gerezani, na kiti kilikuwa kinapita mbele ya mlango wake mara nne kwa siku kikipiga honi.

Ramniklal alipigiwa simu, akaja kweli, na kile kitabu kwapani. Akazunguka gari, akatazama picha, akatazama siti, akapitisha vidole kwenye mshono. Macho yakamjaa maji kidogo.

"Ya kiwandani," akasema. "Nilijua iko mahali. Umeitoa wapi, Khalfani?"

Khalfani akasema, "Ilikuwa kwa mtu." Na huo haukuwa uongo.

Jumamosi ikafika. Alfajiri, wakati mtaa bado unafagiliwa, Khalfani alilitoa gari mpaka mlangoni, akaliwasha, akashuka akafungua mlango wa kushoto. Moyo ulikuwa unampiga kuliko siku ya nikahi. Zena akatoka na kikapu. Akatazama kona: bajaji ya Heriel haikuwapo, ilikuwa Gerezani inasubiri kiti chake kipya. Akatazama Datsun. Akaja, akabonyeza siti kwa kidole kimoja. Akabonyeza tena. Kisha akapanda, akaketi.

Akajisogeza mara moja kushoto. Akatulia.

Khalfani akapanda upande wake, akaingiza gia, wakaenda. Hakuthubutu kumtazama. Mtaa wa Uhuru ukapita, Mnazi Mmoja ikapita. Lile bonde la upande wa kushoto lilikuwa linaivuta siti nzima kuelekea kwake, na kila Khalfani alipokata kona ya kulia aliteleza kidogo mpaka bega lake likamgusa Zena, akaomba radhi, akarudi. Kona ya tatu hakuomba tena.

"Baba Badria," Zena akasema walipokaribia bahari.

"Naam."

"Chini ya paja langu la kushoto pana sufi. Niliitoa kwenye mto wangu wa kulalia, nikaishindilia kwa mkono wangu, mwezi wa Mfunguo Tatu mwaka jana."

Khalfani akashika usukani kwa mikono miwili.

"Heriel leo amekalia nini?" Zena akauliza.

"Anashonewa mpya."

"Aha," akasema Zena.

Feri alichagua kolekole mmoja mkubwa na changu wanane, akabishana nao wachuuzi mpaka wakamwita mama yao, akarudi garini. Dera halikushikwa na kitu. Wakaegesha penye upepo, Khalfani akanunua mihogo, pilipili nyingi, ndimu mbili, karatasi ikakaa katikati yao. Palepale. Kila kitu palepale, isipokuwa kwamba wamekalia bajaji.

Walikula. Na katikati ya kula, Khalfani, ambaye sasa alikuwa amepata alichokitaka, akaanza kukokotoa, na mtu aliyepata alichokitaka asingekokotoa. Zena alijua kiti gani kinamfaa. Alijua fundi, alijua upana, alijua njia ya kwenda Gerezani. Alishonesha mara tatu, kwa subira yote, na sufi ya mto wake mwenyewe akatia, na chombo alichokishonea kilikuwa cha mtu mwingine, wakati Datsun imesimama mlangoni pake na siti iliyooza ya shubiri zilezile sita.

Basi akamuuliza. Zena akamwambia, "Kula muhogo, unapoa."

Baadaye alimuuliza Severa, akasema yeye ni fundi siti tu. Alimuuliza Heriel, akasema, "Shikamoo, mzee." Ramniklal alifungua kitabu. Jumamosi wanakwenda Feri mpaka leo, Zena yuko ubavuni pake, bonde limezidi kuchimbika, na kila wakikata kona ya kulia Khalfani huteleza, akarudi na swali lilelile mdomoni:

"Mama Badria, mwaka ule mzima ulikuwa unakikimbia kiti, au dereva wake?"